Pankeki na branchi ya mtaani Kampala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mlaji wa kawaida anayeingia kwenye mgahawa mdogo wa mtaani, uwe Ntinda, Bukoto, Muyenga, Kansanga au Najjera, akitaka kukaa, kula vizuri na kulipa bila mshangao. Yameandikwa kutoka upande wa jikoni, kwa sababu malalamiko mengi ya mezani huanzia kwenye zile dakika chache kati ya chuma cha moto na sahani ya mteja.

## Mambo ya mwanzo

Branchi ni nini, na huliwa saa ngapi?

Ni kifungua kinywa kilichochelewa hadi kikakutana na chakula cha mchana. Migahawa mingi huanza kuipakua saa tatu au saa nne asubuhi na kufunga sehemu hiyo ya menyu saa nane mchana. Siku za kazi wengine huifunga mapema, saa tano hivi, kwa kuwa jiko linahitajika kwa matooke, wali na mchuzi. Ukifika karibu na mwisho, uliza kwanza kabla hujakaa. Rojo la pankeki likiisha, mpishi mwangalifu hakorogi jipya kwa ajili ya sahani moja.

Nikiagiza pankeki nitaletewa nini?

Hapa Uganda jina hilo hubeba vitu vitatu, kwa hiyo soma menyu au muulize mhudumu.

Ya kwanza ni kabalagala: vidude vidogo vya duara vya ndizi ndogo tamu zilizoiva sana, zikapondwa, zikakandwa na unga wa muhogo na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Ya pili ni nyembamba na pana, ndugu wa chapati za maji, hukunjwa na kuwekwa sukari na ndimu au kujazwa nyama. Ya tatu ni nene na laini, ya mtindo wa Marekani, hupangwa tatu tatu na kumiminiwa shira. Migahawa ya branchi ikiandika pankeki bila maelezo, mara nyingi ni hiyo ya tatu, na ndiyo inayozungumzwa hapa chini tusipotaja nyingine.

Je, kuna chakula cha nyumbani, au ni vya kizungu tu?

Kipo, na mara nyingi ndicho kinachopikwa vizuri zaidi. Tafuta katogo, yaani matooke yaliyopikwa chungu kimoja na matumbo, maharage au karanga. Tafuta pia rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai yaliyokaangwa na kabichi, nyanya na kitunguu. Katogo hupikwa asubuhi na mapema, na saa tano huwa imeshagandamana, ukiitaka, wahi. Rolex hupikwa ukiagiza, kwa hiyo haina saa mbaya.

Niweke nafasi mapema?

Kwa watu wawili au watatu siku ya kazi, hapana. Jumapili ni jambo jingine. Ibada zikitoka, familia nzima hufika kwa pamoja, na kati ya saa tano na saa saba na nusu foleni huwa mlangoni. Mkiwa sita au zaidi, pigeni simu siku moja kabla, mseme idadi na kama kuna watoto wadogo. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, omba meza iliyo ndani au chini ya paa. Bustani ni nzuri mpaka wingu lifunguke, halafu watu wote wa nje huhitaji meza za ndani kwa mkupuo.

## Pankeki yenyewe

Mbona pankeki huchukua dakika ishirini, na rolex ya barabarani dakika tano?

Muuza rolex ana chapati zilizokwisha kuiva; kazi yake ni mayai tu. Pankeki nene haina namna ya kutangulizwa. Inaanza kushuka na kukauka mara tu inapotoka kwenye chuma, na ikikaa chini ya kifuniko mvuke wake wenyewe unailowesha.

Halafu kuna nafasi. Bamba la chuma la sentimita 60 kwa 45 hubeba pankeki 12 za upana wa sentimita 10, yaani sahani nne za tatu tatu. Kila awamu inataka dakika tatu hadi nne, kisha bamba lifutwe, lipakwe mafuta kidogo na lirudi kwenye joto lake. Mpishi akilijaza kupita kiasi, chuma hupoa, na pankeki hubaki nyeupe juu na mbichi ndani. Ukiwa wa kumi kwenye foleni ya Jumapili, dakika ishirini ni muda wa haki. Zikipita thelathini na tano, uliza, kwa sababu huenda karatasi ya oda yako imepotea njiani.

Tuko wanane. Tunawezaje kula pamoja?

Kwa pankeki, hamwezi kupata sahani nane kwa wakati mmoja zote zikiwa moto. Zitakuja kwa awamu mbili au tatu. Adabu yetu ni kusubiriana, na ni adabu nzuri, lakini hapa inaharibu chakula: wa kwanza akisubiri wa mwisho, anakula kitu kilichopoa. Ombeni na kushukuru sahani ya kwanza inapotua, kisha kila mmoja aanze yake inapofika. Njia nyingine ni kugawana oda, nusu wachukue katogo au mayai, nusu pankeki. Jiko litatumia majiko mawili tofauti na vyote vitakaribiana kufika. Wapeni watoto awamu ya kwanza.

Pankeki imekuja ngumu, au mbichi katikati. Kosa liko wapi, na naweza kuirudisha?

Unaweza, na ufanye hivyo mapema, kabla hujamaliza nusu. Kila kasoro ina chanzo chake, na ukiitaja sawasawa jiko litarekebisha haraka.

Ikivutika kama mpira, rojo lilikorogwa mno. Unga wa ngano una gluteni, na kadiri unavyoupiga na mwiko ndivyo inavyokaza. Rojo zuri hubaki na madonge madogo madogo. Ikiwa nyeusi nje na majimaji ndani, moto ulikuwa mkali. Ikiwa bapa na nzito, ama beking pauda imezeeka, ama rojo limekaa saa nyingi na gesi ikaisha, ama mpishi aliibonyeza kwa mwiko bapa baada ya kuigeuza. Huko kubonyeza ni tabia iliyotoka kwenye chapati, ambako inasaidia. Kwenye pankeki inafukuza hewa yote iliyoifanya iwe laini. Ikiwa na ladha ya sabuni au chuma, kuna beking soda iliyozidi bila kitu kichachu cha kuikata.

Ikiwa imepoa tu, usiombe ipashwe moto. Omba nyingine, au ule ilivyo. Pankeki iliyorudishwa kwenye chuma hukauka.

Shira ya mezani ni maple ya kweli?

Kwa kawaida si yenyewe. Maple halisi ni utomvu wa mti unaochemshwa. Karibu lita 40 za utomvu hutoa lita moja ya shira, na nyingi hutoka Kanada. Ikifika Kampala bei yake haiwezi kumwagwa bure mezani. Chupa iliyoachwa wazi kwa kila mtu ni shira ya sukari yenye rangi na harufu, na hakuna ubaya mradi menyu isiiite kingine. Ya kweli huletwa kwenye kikombe kidogo na hulipiwa mbali.

Asali ya hapa nchini ni chaguo bora kwa bei hiyo. Itumie kidogo, kwani ladha yake ni nzito kuliko shira. Kwa watoto wachanga, tazama swali la watoto hapo chini.

Agiza shira iletwe pembeni kila mara. Ikimiminwa jikoni, pankeki ya chini inakufikia imeshakuwa uji.

Matunda gani yanafaa kuwekwa ndani?

Bogoya, ile ndizi kubwa tamu ya kuliwa mbivu, bila shindano. Ikatwe vipande vya nusu sentimita, ipangwe juu ya rojo likiwa tayari kwenye chuma, kisha igeuzwe. Sukari yake inakaangika na kuwa kahawia. Ikichanganywa ndani ya rojo zima, pankeki inakuwa na unyevu na haiivi katikati. Embe na papai viwekwe juu, bila kupikwa, baada ya pankeki kuiva. Nanasi pia liwekwe juu dakika ya mwisho, na mbali na mtindi au malai: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na kuacha uchungu. Nanasi lililopikwa halina tatizo hilo.

Nawezaje kuzipika nyumbani zikatoka kama za mgahawani?

Kwa pankeki kama 10: unga wa ngano wa kawaida gramu 250, beking pauda vijiko viwili na nusu vya chai, sukari vijiko viwili vya mezani, chumvi nusu kijiko cha chai, yai moja, maziwa mililita 320, siagi iliyoyeyushwa gramu 40. Kama unga wako ni ule uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani, usiongeze nyingine.

Changanya vikavu peke yake na vya majimaji peke yake, kisha mimina majimaji kwenye vikavu na ukoroge mara kumi na tano hivi, basi. Acha madonge. Liache rojo dakika kumi. Pasha kikaango kizito kwa moto wa wastani mpaka matone ya maji yacheze juu yake kabla ya kukauka. Futa mafuta kwa kitambaa, yabaki mng'ao tu. Mafuta yakiogelea, kingo zinakaangika kabla ya katikati kuiva. Mimina mililita 60 kwa upawa. Subiri viputo vipasuke na matundu yabaki wazi, kingo zipoteze mng'ao, kama dakika mbili. Geuza mara moja tu, dakika moja upande wa pili. Ya kwanza haitapendeza sana. Inakuonyesha joto la kikaango.

Ukitumia mtindi wa kunywa, ule unaouzwa kwa jina la bongo, badili kijiko kimoja cha beking pauda kwa robo ya kijiko cha beking soda. Uchachu wake ndio unaoiamsha soda.

Vipimo vya pwani hutumia vijiko vitatu vya beking pauda. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, gesi inatanuka haraka na pankeki inaumuka kisha kuporomoka. Ndiyo maana tumepunguza. Kule Kabale, karibu mita 2,000, viwili vinatosha. Kujua kama beking pauda yako iko hai, tia nusu kijiko kwenye maji ya moto. Isipotoa povu la nguvu, itupe.

## Mayai, chai na umeme

Niagizeje mayai ili nipate ninachotaka?

Taja kiini. Sema «mayai macho, kiini kiwe laini» au «kiini kikauke». Ukisema «mayai ya kukaanga» tu, majiko mengi yatakukaangia ya kuvuruga na nyanya na kitunguu. Mjamzito, mzee dhaifu na mtoto mdogo wapewe kiini kilichokauka, kwa sababu ya vijidudu vya salmonela. Kwa ya kuchemsha, kumbuka maji ya Kampala huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yai lililozoea dakika sita Mombasa huhitaji karibu nusu dakika zaidi hapa.

Kiini chake ni cheupe. Yai ni bovu?

Hapana. Rangi hutokana na chakula cha kuku. Kuku wa kufugwa ndani akila mahindi meupe hutaga yai la kiini cheupe. Wa kienyeji anayechokora majani hutaga la njano. Upya haupimwi kwa rangi. Yai bichi zima likiwekwa majini likalala chini ni jipya, likielea ni la zamani.

Nichague chai au kahawa?

Kwa pankeki tamu, kahawa ya Bugisu isiyo na sukari. Ni Arabika ya miteremko ya Mlima Elgon, na uchachu wake mdogo unakata utamu wa shira. Robusta, ambayo asili yake ni misitu ya huku kwetu na ndiyo nyingi inayolimwa Uganda, ni kali na nzito. Inakaa vizuri na maziwa. Kwa katogo au rolex, chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi. Ukiitaka ya rangi, sema wazi, maana ukitaja chai tu huenda ikaja ya maziwa.

Umeme ukikatika, niondoke?

Si lazima. Mabamba mengi hutumia gesi, kwa hiyo pankeki na mayai vinaendelea. Kinachosimama ni mashine ya kahawa, ya kusagia juisi na ya mikate. Agiza kahawa ya kuchujwa au chai, na uulize kama mashine ya risiti inafanya kazi kabla hujala.

## Dini, mzio na afya

Mimi ni Mwislamu. Swali moja la kutosha ni lipi?

Ni mawili. Nyama imechinjwa na nani, na je, bekoni ya nguruwe hukaangwa kwenye bamba hilohilo? Mgahawa unaweza kuwa na soseji za ng'ombe za halali kabisa, halafu mwiko bapa mmoja ukatembea kati ya zote. Jibu likiwa la kigugumizi, omba mayai na pankeki zipikwe kwenye kikaango cha pembeni kilichooshwa. Jiko lenye heshima halikatai, ingawa utasubiri kidogo. Wasabato wasiogusa nguruwe watumie swali hilohilo.

Nimefunga, sili mayai wala maziwa. Kuna chochote?

Kabalagala ya jadi haina yai, maziwa wala ngano. Waorthodoksi wa Ethiopia na Eritrea, ambao ni wengi kwenye mitaa ya Kabalagala (jina sawa na la chakula) na Kansanga, hufunga vyakula vya wanyama Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo migahawa ya huko imezoea ombi hili. Katogo ya maharage au karanga pia inafaa, ukiuliza kwanza kama imetiwa samli.

Nina mzio wa karanga au gluteni.

Karanga ziko mahali usipozitarajia: katogo, mchuzi, mboga za majani, hata unga wa uji. Mwambie mhudumu kwamba utaugua, usiseme tu kwamba huzipendi. Maneno hayo mawili hupewa uzito tofauti jikoni.

Kwa gluteni, kabalagala ni tumaini, lakini baadhi ya wapishi huchanganya unga wa ngano ili donge lishikane, na mafuta yaleyale hukaanga mandazi. Uliza yote mawili. Msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, ukifika, mwenye mzio wa kamba na kaa aziepuke pia, kwa kuwa protini zao zinafanana.

Watoto na mwenye kisukari je?

Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata ncha ya kijiko, kwa hatari ya sumu ya botulizimu. Kwa wakubwa kidogo, omba pankeki ndogo za upawa nusu. Zinaiva haraka na zinapoa upesi.

Kijiko kimoja cha mezani cha shira kina gramu 12 hivi za sukari, na watu humimina vinne bila kujua. Mwenye kisukari achukue pankeki moja badala ya tatu, aongeze mayai na parachichi, na apime shira kwa kijiko.

## Bili

Mbona bili imezidi bei ya menyu?

Angalia mambo mawili: kodi ya VAT ya asilimia 18 na ada ya huduma. Menyu nyingi huandika chini, kwa herufi ndogo, kama bei zimejumuisha kodi. Mgahawa usiosajiliwa kwa VAT hauna haki ya kukuongezea hiyo 18. Ukihitaji risiti ya kampuni, toa TIN, yaani namba ya mlipakodi, kabla ya kulipa. Risiti ya EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, ikishatoka bila namba hiyo, kuirekebisha ni usumbufu kwa wote.

Nilipe kwa simu vipi?

Omba namba ya biashara ya MoMo (ya MTN) au Airtel Money, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ukipewa namba ya mtu binafsi, uliza sababu. Mara nyingi utaambiwa «weka na ya kutolea», kwa sababu kutoa pesa kuna ada ya kampuni na kodi ya asilimia 0.5. Gharama hiyo haikuhusu wewe mlaji. Weka pia pesa taslimu kidogo mfukoni, kwani mtandao hulegea.

Bakshishi?

Si lazima. Ukiridhika, mpe mhudumu mkononi. Kama ada ya huduma imo kwenye bili, umeshatoa.

## Kuchukua na kuletewa

Zilizobaki nizibebeje?

Omba sanduku la karatasi, lisifungwe kabisa mpaka mvuke utoke, na karatasi kati ya pankeki na pankeki. Usikubali zitiwe zikiwa moto kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki; zinalowa, na plastiki laini haifai kwa chakula cha moto. Zisikae nje zaidi ya saa mbili. Nyumbani zipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika moja kila upande.

Naweza kuletewa na bodaboda?

Ndani ya kilomita mbili au tatu, ndiyo. Zaidi ya hapo, na msongamano wa jioni, agiza rolex au kabalagala, ambazo zinavumilia safari. Shira, malai na matunda vije vyombo tofauti. Mayai macho yasiagizwe kabisa, kwa kuwa kiini laini huendelea kuiva ndani ya sanduku.

Tunaweza kuja na keki yetu ya siku ya kuzaliwa?

Wengi hukubali, wengine hutoza ada ya kukata na sahani. Ulizeni mnapoweka nafasi, na mseme itafika saa ngapi: keki ya siagi haistahimili bustani ya saa saba mchana, na friji ya mgahawa mdogo Jumapili huwa imejaa maziwa na mayai.